Lenzi ya makro (ya picha za karibu sana) ya kupigia picha sarafu: anza na rula, pesa baadaye

Hatua ya 1: Pima sarafu zako. Chukua iliyo kubwa na iliyo ndogo kuliko zote. Senti ya Marekani ina kipenyo cha milimita 19.05, dola ya Morgan, ile ya zamani ya fedha, 38.1. Kihisi cha fremu kamili, yaani kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha, kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Gawanya 24 kwa 38.1 upate 0.63, dola hiyo itajaa picha hata kabla hujafika 1:1, yaani taswira kwenye kihisi kuwa na ukubwa sawa na sarafu yenyewe. Senti nayo, kwa 1:1, inaenea vizuri na kubakiza ukingo mdogo. Kwa hiyo 1:1 inatosha. Zaidi ya hapo ni kwa wanaowinda ile herufi moja ndogo inayoonyesha kiwanda kilichotengeneza sarafu.

Hatua ya 2: Angalia umbali kati ya lenzi na sarafu. Hapa ndipo wengi huumia, nikiwemo mimi. Lenzi yangu ya kwanza ilikuwa ya milimita 50 (huo ni urefu wa fokasi, ulioandikwa kwenye lenzi), kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu. Ilibidi niisogeze mpaka iikaribie kuigusa sarafu, taa ikakosa pa kupita, na fedha inayong'aa ikatoka na duara jeusi katikati: lenzi ilikuwa inajitazama. Michoro ya sarafu huonekana taa ikiwa juu, karibu na mdomo wa lenzi, ikimulika kwa mshazari. Lenzi ya milimita 90 hadi 105 hukuachia kama sentimita 10 hadi 15 za kuchezea. Za 150 na 180 huacha nafasi zaidi, ila zinataka stendi ndefu, na stendi ndefu hutikisika.

Hatua ya 3: Ijaribu kabla ya kulipa. Piga picha ya rula ukiwa karibu kabisa. Kwenye fremu kamili, ukiona milimita 36 kwa upana, hiyo ni 1:1 kweli. Ukiona 72, ni nusu, hata kama ubavuni imeandikwa makro.

Kisha piga sarafu kwa f/5.6 au f/8 (namba ya tundu la lenzi; ikiwa kubwa, tundu ni dogo) na ukague maandishi ya ukingoni. Usiende f/16: kwa 1:1, f/8 tayari hufanya kazi kama f/16, na mikwaruzo midogo huanza kufifia. Upande mmoja ukiwa na ukungu, usiilaumu lenzi bado. Weka kioo mahali pa sarafu. Jicho la lenzi lisipoonekana katikati kabisa, kamera imeinama.

Fokasi ya kujiendesha na kizuia mtikisiko usivilipie. Kamera iko kwenye stendi, na fokasi utaizungusha kwa mkono. Lenzi kuukuu ya mkono yenye adapta inafaa kabisa.