Kabla ya Kupanda Basi au Treni: Mambo ya Kuzingatia kwa Abiria Mwenye Ulemavu

Abiria mwenye ulemavu anapopiga simu kabla ya safari, kwa kawaida huuliza kama basi au treni hiyo inamfaa mtu wa kiti cha magurudumu, na mara nyingi hujibiwa ndiyo, tena kwa nia njema kabisa. Tatizo ni kwamba anayejibu analifikiria gari peke yake, ilhali kati ya mlango wa nyumba na mahali mtu anakokwenda kuna ukingo wa barabara, lango la tiketi, lifti, jukwaa, mlango wa behewa na choo, na kimoja tu kati ya hivyo kikikataa, safari imekwama. Ndiyo maana ni afadhali kuuliza sentimita na kilo kuliko kuuliza kama mambo ni mazuri.

Kipimo cha kwanza ni cha kiti chenyewe, nacho kichukuliwe mwenye kiti akiwa amekikalia, mkoba ukiwa umening'inia nyuma kama siku ya safari. Upana upimwe kutoka ukingo wa nje wa pete za kusukumia hadi ukingo wa nje wa upande wa pili, kisha ziongezwe sentimita 5 kila upande kwa ajili ya mikono, kwa sababu mlango unaopitisha magurudumu unaweza bado kuchubua vifundo vya vidole. Urefu nao uishie kwenye ncha za viatu, si kwenye vikanyagio. Viwango vya reli vya Umoja wa Ulaya vinachukulia kiti chenye upana wa sentimita 70, urefu wa sentimita 120 na uzito usiozidi kilo 300 pamoja na mtu aliyekikalia. Nchini Marekani, lifti ya basi hutakiwa kubeba angalau kilo 272. Mwenye kiti cha umeme asipuuze hesabu ya uzito, maana kiti pekee kinaweza kuzidi kilo 100 kabla hata hajakikalia. Pikipiki ndogo za umeme za watu wenye ulemavu ni jambo jingine kabisa: makampuni mengi huzikataa au huziwekea masharti ya ukubwa, na huenda mwenyewe akatakiwa kuhamia kwenye kiti cha kawaida.

Kwa upande wa basi, kinachosahaulika ni kituo. Tuchukue basi la sakafu ya chini, yaani lisilo na ngazi mlangoni, ambalo, baada ya dereva kuliinamisha, mlango wake uko sentimita 25 juu ya barabara, na rampu yake, yaani bamba la mteremko la kupandishia kiti, ina urefu wa mita 1. Kituo kikiwa na ukingo ulioinuka sentimita 15, rampu itapanda sentimita 10 tu, na mtu mwenye mikono imara anaweza kujisukuma mwenyewe. Basi hilohilo likisimama mahali pasipo na ukingo, rampu hupanda sentimita zote 25 ndani ya mita moja, mteremko ambao ni mkali mara tatu kuliko ule wa moja kwa kumi na mbili (kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12) unaoruhusiwa kwenye majengo mengi, na hapo kiti chaweza kupinduka kinyumenyume. Basi ni lilelile, dereva ni yuleyule, lakini kituo kimoja kinapandika na kingine hakipandiki. Ni vyema kukiangalia kituo cha kupandia na cha kushukia siku moja kabla, au kumwomba mtu akipige picha, na kama hakifai, kutafuta kinachofuata.

Kwenye treni, ulizia mambo mawili kwa pamoja: tofauti ya kimo kati ya jukwaa na sakafu ya behewa, na upana wa pengo lililo kati yao. Magurudumu madogo ya mbele ndiyo yanayozama kwenye pengo, hivyo pasipo na rampu wengi huingia kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia na msaidizi akishika nyuma. Kisha kuna mtego wa kurudi. Jukwaa la kwenda linaweza kuwa usawa mmoja na barabara, na la kurudi likawa ng'ambo ya reli, likifikiwa kwa daraja lenye ngazi pekee. Wengi hugundua hili jioni, wakiwa wamechoka. Hali ya lifti iulizwe asubuhi ya siku yenyewe, kwa stesheni zote za njiani, pamoja na jina la stesheni ya karibu yenye lifti nyingine. Msaada wa wafanyakazi nao una muda wake wa kuombwa: katika Umoja wa Ulaya kwa kawaida ni saa 24 kabla kwa treni na saa 36 kwa mabasi ya masafa marefu. Jibu la maombi litunzwe kwa maandishi, kwani zamu hubadilika na aliyeahidi kwa simu huenda hayupo.

Asiyeona hahitaji rampu, bali anahitaji habari. Ajue idadi ya vituo vya kuhesabu endapo sauti inayotaja vituo ndani ya gari itakuwa imezimwa, na ajue vigae vya miguuni, vyenye alama zilizoinuka za kuhisiwa kwa mguu au fimbo, vinasema nini: mistari mirefu huelekeza, vinundu huonya. Vigae hivyo vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965 na vikawekwa kwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967, lakini si kila jukwaa duniani linavyo. Kwa kiziwi hatari ni tangazo la kipaza sauti kwamba treni imehamishiwa jukwaa jingine. Kadi yenye jina la stesheni anakoshukia, akimwonyesha kondakta mapema, humsaidia kuliko kuutegemea ubao wa matangazo peke yake.

Kitambulisho cha ulemavu kiwe karibu, hasa panapokuwa na nauli nafuu kwa msaidizi. Betri ijazwe usiku. Kiti cha umeme kizimwe kinapokuwa juu ya lifti ya basi, kwa sababu kugusa usukani kwa bahati mbaya kunatosha kukiangusha.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 9, unazitaka nchi wanachama kuondoa vizuizi katika usafiri, kwa hiyo anayeuliza haya yote haombi hisani. Mkoba uwe na daftari dogo au simu yenye chaji: mahali palipokwama paandikwe palepale, kwa jina la stesheni au kituo, saa, namba ya gari na kitu chenyewe kilichokataa, kwani lalamiko lisemalo "lifti ya jukwaa la 2 ilikuwa imefungwa saa 1:40 asubuhi" hujibiwa tofauti na lile lisemalo huduma ni mbaya.