Kuitafuta reli ya zamani ya Bububu, Unguja, kwa ramani na kwa miguu

Mara ya kwanza nilifuata mfereji wa maji nusu siku nzima, huku nikiapa nimeiona reli. Kwa hiyo nisikilize, nishachomwa na jua la Mtoni mimi.

Kwanza jua unatafuta reli ipi. Unguja imepata kuwa na mbili. Ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ilielekea kusini, Chukwani. Yetu hii ilijengwa na kampuni ya Kimarekani 1904 hadi 1905, kama maili saba kutoka Ngome Kongwe mjini mpaka Bububu, kaskazini mwa mji, na baina ya chuma na chuma ni futi tatu tu.

Ukishika ramani ya zamani, uache mstari wa reli kwanza. Tafuta visivyohama: Ngome Kongwe, magofu ya Marhubi, kasri la Mtoni. Pima kwa rula umbali wao, kisha upime kwenye simu, upate uwiano. Ufukwe usiuamini: mkono wa bahari wa Darajani umefukiwa, magari yanapita juu yake. Daraja limebaki kwenye jina tu.

Mjini usihangaike kutafuta chuma. Chukua kadi za posta za zamani zenye treni ikipita Darajani, karibu ikwaruze kuta, kisha simama aliposimama mpiga picha.

Shamba ndiko kwenye utamu. Treni haipendi kona kali wala kupanda ghafla. Ukiona njia imenyooka kati ya minazi, imekata kilima badala ya kukizunguka, simama hapo. Mimi nilidanganywa na mawe ya mfereji wa Barghash, uliopeleka maji mjini kutoka Chemchem. Mwembamba mno ule mfereji! Behewa ni pana kuliko njia yake, kwa hiyo tuta, ule udongo ulioinuliwa kubeba reli, likiwa halifiki upana wa hatua mbili kubwa, lipite tu.

Piga hodi, toa shikamoo, na uulize mpaka wa shamba ulipo. Reli watu wameisahau, mipaka hawaisahau. Utaambiwa jina Bububu limetokana na mlio wa treni. Itikia, lakini usiandike: Sayyida Salme, dada yake Barghash, alilitaja jina hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886, kabla ya reli hii.

Nenda mwisho wa kaskazi, majani yamekauka, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua likiwa bado chini, tuta hutoa kivuli. Ikifika saa nne, hulioni tena.