Kurekodi sauti ya chupa kwenye Ensoniq Mirage

Ensoniq Mirage ni kinanda cha Kimarekani cha mwaka 1984, kati ya sampla (vyombo vinavyorekodi sauti na kuipiga kwenye vibonye) za kwanza kuuzwa chini ya dola 2,000. Wengi wanaoipata leo hulalamika kwamba lupu zake, yaani vipande vya sauti vinavyorudiwa mfululizo, zinagonga: tk, tk, tk. Kosa huwa limeshafanyika kabla hata ya kurekodi. Mashine hii haiifuati sauti yako. Sauti yako ndiyo inayopaswa kuifuata, na chupa ya soda inafundisha hilo vizuri kuliko gitaa.

Kwanza, diski

Ukiiwasha Mirage bila diski, una meza yenye vibonye 61. Programu yake yote inasomwa kutoka kwenye floppy ya inchi 3.5. Tumia zile za DD (double density), si HD (high density). Siku hizi wengi wanatoa draivu ya zamani na kuweka kifaa cha USB kinachoiga floppy, na mimi siwalaumu.

Pili, hesabu

Usiruke hapa. Kumbukumbu imegawanywa mara mbili, upande wa chini na upande wa juu wa kinanda, kila upande kilobaiti 64. Kila upande una kurasa 256, na kila ukurasa una sampuli 256, yaani vipimo 256 vya sauti vilivyofuatana. Kidirisha kina tarakimu mbili tu, kwa hiyo kurasa zinahesabiwa kuanzia 00 hadi FF: baada ya 9 inakuja A, B, mpaka F. Ukishazoea, utaona ndiyo njia pekee ya kubana 256 kwenye tarakimu mbili.

Lupu inaanza na kuishia kwenye mipaka ya kurasa. Wimbi likikatwa katikati mwishoni mwa ukurasa, ndipo ile tk inapozaliwa. Sasa fanya hivi: weka muda wa sampuli moja kuwa mikrosekunde 35. Zidisha mara 256, unapata mikrosekunde 8,960 kwa ukurasa mmoja. Sauti ya hezi 223 inamaliza mawimbi mawili kamili ndani ya muda huo, bila salio la maana. Hiyo ni nota ya A iliyo chini ya C ya katikati, ikipandishwa robo ya nusu-toni.

Tatu, maji

Chukua chupa ya kioo, puliza mdomoni mwake huku programu ya kutyuni imefunguliwa kwenye simu. Ikiwa tupu inatakiwa itoe sauti nzito kuliko A. Ongeza maji kwa kijiko. Kila kijiko kinapandisha sauti. Mshale ukifika A, endelea kidogo kidogo mpaka usome senti 25 juu, yaani ile robo ya nusu-toni. Ukipitiliza, mwaga kidogo. Angalia pia pumzi yako, maana ukipuliza kwa nguvu sauti inapanda na hesabu yote inaharibika.

Nne, kurekodi

Mirage ina biti 8 (za kompyuta, si za kurapia), yaani ngazi 256 za sauti basi. Ukirekodi desibeli 6 chini ya kiwango cha juu, umetupa biti nzima. Kwa hiyo mimi hupitisha maiki kwenye mixa, napandisha mpaka sauti inaanza kukwaruza, kisha narudi nyuma kidogo tu. Chagua upande, anza kurekodi, puliza. Una sekunde 2.3. Zinatosha, mradi usianze kwa kusitasita.

Tano, lupu

Anzia ukurasa 60, ishia C0. Hapo ni kama sekunde 0.9, na pumzi bado inasikika ikitembea ndani yake. Ukisikia tk ndogo, sogeza mwisho ukurasa mmoja mmoja kabla ya kugusa marekebisho madogo ya mwisho wa lupu. Lupu ya ukurasa mmoja nayo inafanya kazi bila kugonga, ila inageuka kinanda cha kanisa cha bei rahisi. Wapo wanaoipenda hivyo.

Mvumo wa biti 8 utausikia hasa sauti inapofifia. Shusha kichujio (kinachokata sauti za juu) taratibu kifunge pamoja na sauti; vichujio vya Mirage ni vya analogi, na ndivyo vinavyoifanya ipendwe mpaka leo.

Sita, hifadhi sasa hivi

Kumbukumbu inafutika umeme ukizimika. Chupa yangu bora kuliko zote niliipoteza kwa kugonga swichi ya ukutani kwa kiwiko nikinyoosha mkono kuchukua diski. Nilikuwa nimeshamwaga maji. Tangu siku hiyo chupa haioshwi mpaka sauti iko kwenye diski, na nachora mstari wa maji kwenye kioo kwa maka peni. Kwenye lebo ya diski naandika: 35, 60, C0.