Wanja utoke sawa macho yote mawili: anza na lile jicho bishi

Mashosti, hili swali naulizwa saluni kila siku, "dada mbona jicho la kulia linatoka poa, la kushoto kama kachora mtoto?" Jibu ni kwamba unapaka jicho moja mpaka liishe ndo unaenda la pili, sasa la pili unaanza kulikimbiza la kwanza, unaongeza huku, unaona kule kumekuwa kwembamba unaongeza na kule, mwisho unatoka kama umepigwa ngumi.

1. Mwanga. Kaa uangaliane na dirisha, usilipe ubavu. Nishawahi kumpaka bibi harusi umeme umekatika, shoga yake kashika tochi ya simu upande mmoja, mi najiona fundi kweli, kutoka nje juani jicho lililokuwa gizani lina wanja mara mbili ya lenzake. Tulifuta yote huku gari inapiga honi.

2. Ngozi ya juu ya jicho iwe kavu. Kwa joto la Dar ukiacha losheni pale, wanja unagonga muhuri mpaka karibu na nyusi. Kandamiza tishu, gusa poda kidogo, na zima feni kama unatumia wanja wa maji. Wanja wa manga wa mabibi zetu mi siwapaki wateja, mwingine una madini ya risasi.

3. Kiwiko mezani, kidole kidogo kiegemee shavuni. Wakati wa kuchora kioo kiwe chini ya kidevu, ukiangalia chini ngozi inanyooka yenyewe. Usivute kona ya jicho kwa kidole jamani, ukiachia tu mstari unakunjamana.

4. Hapa ndo penyewe. Kabla hujagusa wanja mweusi weka alama za mikia, yaani zile ncha za wanja zinazotoka nje ya kona ya jicho, kwa penseli ya kahawia. Kioo sasa kipandishe usawa wa macho, angalia mbele, macho wazi, usicheke. Fuata mstari wa kope za chini kama vile unaendelea kupanda kuelekea mwisho wa nyusi, pale unapotaka mkia uishie weka nukta. Jicho la pili hivyohivyo. Halafu chukua brashi, laza mpini wake mbele ya uso upite kwenye nukta zote mbili, ukiona umeinama basi nukta moja iko juu, isogeze, kufuta nukta sio kazi kama kufuta mkia mzima. Usipime kwa nyusi maana nazo mara nyingi hazilingani. Na macho yenyewe sio mapacha, kuna watu jicho moja ngozi yake imeshuka zaidi, hilo wanja wake uwe mnene kidogo, kinachotakiwa ni yafanane yakiwa wazi, ukifumba nani anakuona?

5. Sasa mweusi. Anza na jicho linalokusumbua, kwa wanaotumia mkono wa kulia mara nyingi ni la kushoto, maana mkono unavuka pua. Chora vipande vifupivifupi, usivute mstari mmoja kama rula: mkia huku, mkia kule, kona ya nje mpaka katikati huku, kisha kule. Kona ya ndani iwe nyembamba kabisa, ishikane na kope. Subiri kama nusu dakika pakauke ndo uangalie juu.

6. Moja limekuwa nene? Punguza hilo nene, usinenepeshe lile jembamba. Chukua kijiti cha pamba, kibonyeze ncha iwe bapa, chovya kidogo sana kwenye maji ya kutolea mekapu, pitisha chini ya mkia kutoka shavuni kupanda juu, mara moja tu halafu geuza upande msafi. Pakikauka gusa konsila, ile krimu ya rangi ya ngozi ya kufichia madoa, kwa brashi nyembamba hapohapo chini ya mkia, ncha inatoka kali kama sindano.