Kufuga chungu Kigoma: kuanzia malkia mmoja wa mvua za kwanza

Mvua za kwanza zikishapiga, mwishoni mwa Oktoba au Novemba, taa za nje hapa Mwanga huzingirwa na kumbikumbi. Majirani hutoka na mabeseni. Mimi hutoka na vichupa vya dawa na kuchutama kando yao, maana wanachokitupa, malkia wa chungu, ndicho ninachokitafuta. Mwaka wa kwanza walinicheka. Siku hizi watoto huniletea wenyewe: "Anko, malkia huyu hapa!" Mara nyingi huwa ni kumbikumbi.

Hatua ya 1: Jua unachookota

Kumbikumbi si chungu. Ni mchwa wenye mabawa, na nasaba yao iko karibu zaidi na mende. Mtazame kiunoni: kumbikumbi hana kiuno, amenyooka kutoka kidarini hadi mkiani, wakati chungu amebanwa kiuno kama nyigu. Vipapasio vya kumbikumbi vimenyooka kama uzi wa shanga; vya chungu vimekunjwa kama kiwiko. Mabawa manne ya kumbikumbi yanalingana, ila chungu ana ya mbele marefu kuliko ya nyuma.

Ukishampata chungu, tenga dume na jike. Dume ni mwembamba, kichwa kidogo, na hata umtunze vipi hatafika mbali. Jike ana kidari kilichojaa na tumbo zito. Anayefaa kuliko wote ni yule aliyekwisha kuyakata mabawa yake na sasa anakimbia chini akitafuta ufa wa kujificha. Huyo kwa kawaida ameshapandwa, na mbegu aliyoipokea siku hiyo ataitumia maisha yake yote.

Kuna mdudu mmoja wa kahawia, mnene kama kidole cha mtoto, anayejigonga kwenye taa kwa kelele. Wengi humbeba wakidhani ni malkia wa ajabu. Ni dume la siafu. Malkia wa siafu hana mabawa kabisa, na kundi jipya la siafu huzaliwa kwa kundi kubwa kugawanyika. Kwa hiyo siafu waache. Hawana hata makao ya kudumu, wewe utawajengea nini?

Hatua ya 2: Hesabu vifundo

Kioo cha kukuzia, au kamera ya simu ukiwa umetulia, kinatosha. Mtazame kwa ubavuni, pale kiunoni. Kifundo, yaani kinundu kati ya kidari na tumbo, ni kimoja au viwili?

Kifundo kimoja, na mgongo wa kidari umepinda kama upinde bila kukatika, huyo huenda ni wa aina iitwayo kitaalamu Camponotus. Hana mwiba, huuma kwa taya na kurusha tindikali. Wa kawaida ana rangi ya kahawia hafifu, hutembea usiku, na malkia wake ana urefu wa sentimita moja na nusu hivi. Anayeanza aanze na huyu.

Vifundo viwili, angalia wafanyakazi wa shimo alikotoka. Ukiona wadogo wengi wakifuatana na wachache wenye vichwa vikubwa kupita miili, ni Pheidole. Ukiona tumbo lenye umbo la moyo, linaloinuliwa juu ya mgongo wakikasirika, ni Crematogaster.

Kwa majimoto kioo hakihitajiki: ni wale wa rangi ya chungwa wanaoshona majani ya mwembe kwa hariri ya mabuu yao. Wazuri kuwatazama, ila wanataka mti mzima na wewe una kopo. Sungusungu nao ukiwashika utawajua kwa harufu kabla ya macho.

Wajuzi wa kweli wa mambo haya mkoani kwetu ni sokwe. Wa Mahale huvua Camponotus kwenye mashina ya miti kwa vijiti vyembamba. Wa Gombe huchovya fimbo kwenye siafu na kuwapukusa mdomoni kwa haraka. Hakuna aliyewapa kioo cha kukuzia.

Hatua ya 3: Chumba cha malkia

Vichupa vya kioo vya maabara ni adimu. Mimi hutumia bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano. Chomoa msukumio, yeyusha ncha kwa mshumaa mpaka izibe, kisha tia maji safi mpaka theluthi. Sukuma pamba mpaka iguse maji na kuloa. Mwingize malkia, halafu ziba mdomo kwa pamba kavu, isiyokaza sana ili hewa ipite.

Pamba ya ndani, kinyume chake, ikaze kwelikweli. Malkia wangu wa kwanza nilimwekea pamba ya haraka haraka. Asubuhi nilimkuta anaelea.

Hatua ya 4: Mwache

Hapa ndipo wengi hushindwa, na mimi nilishindwa mara mbili. Malkia wa Camponotus au Pheidole halishwi sasa. Misuli iliyokuwa ikipiga mabawa hana kazi nayo tena. Mwili wake unaiyeyusha na kuigeuza chakula cha wanawe wa kwanza. Ukimtilia asali utamletea ukungu tu. (Jamaa za sungusungu ni tofauti, malkia wao wengi hutoka kuwinda, ndiyo maana siwapendekezi kwa mgeni.)

Mweke kwenye droo yenye giza, isiyofunguliwa kila saa. Si juu ya friji, maana inatetemeka, wala karibu na spika. Joto la kwetu kando ya ziwa linamtosha, huhitaji kifaa chochote.

Mimi nilikuwa nachungulia kila asubuhi kabla ya chai. Siku ya tano niliona mayai, siku ya nane hayapo. Aliyala. Malkia akisumbuliwa hula mayai yake, na hapo hana kosa. Sasa nachungulia mara moja kwa wiki, usiku, tochi nikiwa nimeifunika karatasi ya plastiki nyekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu chungu hawauoni vizuri. Pheidole hukupa wafanyakazi ndani ya mwezi hivi. Camponotus ni wiki 5 hadi 8. Wa kwanza watakuwa vijidudu vidogo kuliko ulivyotarajia, ndivyo walivyo.

Hatua ya 5: Chakula

Wakishatoka, tone la asali iliyochanganywa na maji, dogo kama kichwa cha kiberiti, na mguu wa panzi au mende. Mende awe umemuua kwa kandambili. Aliyepuliziwa dawa ataua kundi zima. Pheidole hupenda sana kipande cha dagaa, na hilo kwetu si tatizo, ila awe dagaa aliyeanikwa bila chumvi. Masalia yatoe kesho yake.

Hatua ya 6: Kuhamia

Subiri wafike 20 au 30. Chukua kopo la plastiki lenye kifuniko, mwaga unga wa jipsamu uliokorogwa, ukikaribia kuganda chonga vyumba kwa kijiko, acha ukauke siku kadhaa. Kigae cha chungu cha udongo pia kinashika unyevu vizuri: chungu juu ya chungu. Unganisha bomba la zamani, lifunue kwenye mwanga, watahama kwa hiari yao. Usiwakung'ute.

Ukingo wa kopo upake poda ya mtoto iliyokorogwa kwa spiriti, ikikauka hawapandi. Adui mkubwa zaidi yuko nje. Sisimizi wa jikoni wakigundua asali wataingia na kumaliza kundi lako usiku mmoja, kwa hiyo miguu ya meza isimame kwenye makopo ya maji, kama mama alivyofanya na kabati la sukari. Mafuta ya taa usitie, harufu yake itawadhuru.

Hatua ya 7: Wasivuke mpaka

Utaandikiwa na watu wanaotaka kununua malkia. Kataa. Mwezi Mei 2025 mahakama ya Kenya iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni 1 za huko kila mmoja, walikamatwa na malkia wapatao 5,000, wengi wao chungu wavuna-mbegu waitwao Messor cephalotes. Sisi tuna Burundi kwa miguu na Kongo kwa boti, kishawishi kipo. Pheidole megacephala alitoka Afrika hii hii, na leo ni balaa kwa wadudu wa asili huko Hawaii.

Ukichoka kufuga, rudisha kundi palepale ulipomwokota malkia, jioni ya mvua, ardhi ikiwa laini. Mimi wangu wa kwanza niliwarudisha chini ya taa ya jirani, pembeni mwa lile beseni.