Jinsi ya kupata maneno ya Kiingereza yenye herufi unazozitaka kwenye gemu za maneno

Watu wengi wakipata herufi zao saba za Scrabble (ile gemu ya ubao ya kuunda maneno kwa vipande vyenye herufi) wanazikodolea macho tu wakisubiri neno lijilete lenyewe, na haliji. Shida ni kwamba unatafuta neno zima wakati hata hujajiuliza hizo herufi kwa kawaida zinakaa wapi. We anza na nafasi, neno litafuata.

Herufi za Kiingereza zinatembea kwa makundi. Kuna CH, SH na TH, kuna CK ambayo inapenda mwishoni, kuna STR ya mwanzoni, afu kuna mikia kama ING, ED, ER na EST na vichwa kama RE, UN na OUT. Ukiwa na I, N na G usiziache zimetawanyika, zisogeze kulia zikae pamoja alafu uangalie hizo nne zilizobaki zinatoa nini, maana kutafuta neno kwenye herufi nne ni kazi ndogo kuliko saba. V na J nazo karibu hazimalizii neno, yapo machache kama REV na HAJ lakini ndo hivyo, machache, kwa hiyo zipeleke mwanzo au katikati.

Kingine, changanya vipande vyako mara kwa mara, jicho likishazoea mpangilio mmoja halioni neno lingine. Wachezaji wazoefu wanazipanga kwa alfabeti wakati wa mazoezi: wakiona AEINRST wanajua papo hapo kuna RETAINS, NASTIER, RETINAS, STAINER na ANTSIER, na kutumia vipande vyote saba kwa mpigo ni pointi 50 za nyongeza. Sio uchawi, ni kukariri. Mi naona kama una muda wa kukariri kitu kimoja tu basi anza na maneno ya herufi mbili, QI, ZA, XI, AX, JO, maana hayo ndo yanakuokoa kila gemu wakati hilo la herufi saba halitokei kila siku.

Q inawatesa watu bure. Ina pointi 10 lakini wanaishikilia mpaka mwisho wakisubiri U. Zipo QI, QAT, QAID, SUQ, FAQIR, NIQAB, TRANQ, zote hazina U, na nyingi zimetoka Kiarabu kwa hiyo sikio lako wala halitashangaa.

Sasa Wordle, ile gemu ya kuotea neno la herufi tano, hapo ndo nafasi zinafanya kazi kweli kweli. Kijani maana yake herufi iko mahali pake, njano ipo ila mahali pengine, na iliyokufa haimo kwenye neno. Tuseme umeanza na STARE, A ya katikati imekuja kijani, R imekuja njano, na S, T na E zimekufa. R haiwezi kuwa ya nne (ulishaiweka hapo ikakataliwa) na ya tatu ina mwenyewe, kwa hiyo imebaki ya kwanza, ya pili au ya tano. Ya kwanza ni chache, kama ROACH. Ya tano unapata CHAIR na FLAIR. Ya pili ndo kwenye wingi, BR, CR, DR, FR, GR, PR: BRAIN, CRANK, DRAWN, FRANK, GRAND. Kwa hiyo ukiotea, otea huko.

Afu kuna ule mtego ambao unamaliza nafasi za watu, umebaki na RAIN kijani na herufi ya kwanza tu huijui, inaweza kuwa BRAIN, DRAIN au GRAIN. Usizijaribu moja moja! Andika BADGE. Najua A haiko mahali pake na E ilishakufa, haijalishi, humo ndani kuna B, D na G zote tatu, ile itakayowaka rangi ndo jibu lako. Isipokuwa kama umewasha ile modi ngumu, hiyo inakulazimisha kutumia ulichokwisha kupata, hapo itabidi uotee tu.

Ukitaka kompyuta ikutafutie, ingia OneLook, tovuti ya kutafuta maneno, alama ya kuuliza ni herufi moja usiyoijua na nyota ni herufi zozote idadi yoyote. Ukiandika ??a?? inakuletea maneno ya herufi tano yenye A katikati. Kwenye Mac, na Linux nyingi tu, kuna orodha ya maneno tayari, fungua teminali uandike:

grep '^..a..$' /usr/share/dict/words | grep r | grep -v '[ste]' | grep -v '^...r'

Yaani: A iwe ya tatu, R iwepo, S, T na E zisiwepo, na R isiwe ya nne. Majina ya watu na ya mahali yatatokea humo yakiwa na herufi kubwa mwanzoni, yaruke. Ila hii tumia baada ya gemu kuona ulichokosa, ukiitumia katikati ya mechi na mtu huo ni wizi tu.

Na orodha za maneno yanayokubalika hazifanani. Scrabble ya Marekani na Kanada inafuata orodha inayoitwa NWL, sehemu nyingine nyingi wanafuata orodha ya Collins ambayo ina maneno zaidi, kwa hiyo neno ulilolitoa mtandaoni linaweza kukataliwa mezani. Kubalianeni dikshonari kabla kipande cha kwanza hakijawekwa.