Kufunga beringi ya mota ya mashine ya kusaga isiungue tena, hatua kwa hatua

Wiki iliyopita nilikuwa Mikindani kwa dogo mmoja anayesaga makopa, mota yake imeua beringi mbili (zile ringi mbili zenye gololi katikati, zinazobeba shafti, yaani chuma kinachozunguka) ndani ya mwezi mmoja, zote upande wa puli, lile gurudumu la mkanda. Alinipigia jioni, "Shikamoo fundi, ile mota inalia tena," nikamwambia marahaba, zima usiiwashe tena mpaka nifike. Tulichofanya siku ile ndicho naandika hapa, maana huku kwetu kuanzia Lindi mpaka Masasi naona watu wanabadilisha beringi kama wanabadilisha balbu, wakati kile kitu kinapimwa kwa mikroni, yaani milimita moja ukiigawa mara elfu.

Kufungua mota sielezi, mnajua. Vifuniko vipige alama kabla hujavitoa, basi.

Hatua ya 1: soma namba

Ya dogo ilikuwa 6206 ZZ C3. Tarakimu mbili za mwisho zidisha kwa 5 unapata tundu la katikati, 06 ni milimita 30, na hii kanuni inaanzia 04 kwenda juu, chini ya hapo kariri tu: 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Nje 6206 ina milimita 62, upana 16. ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili, 2RS ni vya mpira. Mimi kwenye mashine ya muhogo nafunga 2RS, sibishani na mtu kuhusu hili, ule unga wa makopa ni laini unapenya kwenye bati na hewa ya chumvi ya bahari inamalizia kazi.

C3 usiipuuze. Ni uwazi ulioachwa kwa makusudi kati ya gololi na njia zake. Kwa tundu la milimita 30 beringi ya kawaida ina uwazi wa mikroni 5 mpaka 20, ya C3 ina 13 mpaka 28. Mota ikipata moto ringi ya ndani inavimba kuliko ya nje, ule uwazi ndio unaomezwa.

Hatua ya 2: ijaribu mkononi kabla ya kulipa

Shika ringi ya ndani kwa vidole viwili, isukume kidogo kwa pembeni, zungusha ya nje taratibu sana. Isikilize kwa vidole, sio kwa masikio. Ukihisi kichanga au inakwama sehemu moja, rudisha. Usiipulize na kompresa ili izunguke kwa kasi eti unaijaribu, unaiumiza, na usiioshe na petroli, grisi iliyomo imewekwa na kiwanda. Gololi zinatakiwa zilingane, moja ikizidi wenzake ndiyo inabeba mzigo peke yake. Ndiyo maana kazi hii ilibadilika mwaka 1883 pale Friedrich Fischer wa Schweinfurt, Ujerumani, alipotengeneza mashine ya kusaga gololi nyingi kwa mkupuo zikatoka duara na saizi moja.

Hatua ya 3: pima shafti (hapa ndipo nilipoumia)

Miaka ya nyuma nilifunga mota kama hii hii, beringi mpya, C3, boksi zuri, ikaungua siku ya tatu. Nikamlaumu muuza duka. Nikafunga nyingine, baada ya saa mbili hugusi kifuniko. Nikakesha naifungua na kuifunga, nabadilisha grisi, nalegeza mkanda, nahamisha mota, mpaka alfajiri, na kumbe tatizo liko kwenye shafti ambayo nilikuwa naifuta kwa kitambaa kila mara bila kuipima. Ilishawahi kulika, mtu akaichomelea akaikereza, akaiacha na milimita 30.04.

Fikiria sasa. Tundu la beringi ni milimita 30.00 au pungufu mpaka mikroni 10. Shafti imezidi mikroni 40. Ukilazimisha, ringi ya ndani inatanuka, na sehemu kubwa ya ule unene inahamia kwenye njia ya gololi, robo tatu au zaidi. Kwa hiyo mikroni 30 zimeliwa wakati uwazi wote wa C3 haufiki hata 30. Gololi zimebanwa kabla mota haijawashwa. Hakuna grisi inayoponya hiyo, na kununua beringi ya bei mbaya haisaidii.

Pima kwa maikromita, kile kipimo cha kukaza kwa skrubu. Venia kalipa hapana, nasema tena hapana, venia ya kawaida inasoma mikroni 20 mpaka 50 wakati unatafuta 10. Pima sehemu tatu, kisha geuza robo mzunguko pima tena, maana shafti inaweza kuwa yai. Pima asubuhi au iache ipoe kabisa, ikitoka kwenye mota ya moto inakudanganya. Kwa shafti ya 30 mimi nataka iwe kati ya 30.002 na 30.011. Ikiwa chini ya 30.00 ringi itateleza na kuila shafti, na msipige ponchi eti ishike, vile vinundu vinashika siku mbili tu. Chomelea, kereza upya, simama pale pale kwa mkerezaji na maikromita yako.

Ya dogo ilisoma 30.03. Tulivyoipeleka mjini wakaipunguza hadi 30.01, hapo hata beringi mpya tulikuwa hatujainunua.

Hatua ya 4: kuingiza

Balbu ya zamani ya wati 100, ile ya waya ndani, iweke kwenye kopo, beringi juu, ngoja. Usivuke nyuzi 80 kwa zilizofunikwa. Tone la maji likauke polepole, likichemka ghafla umezidisha. Kutoka nyuzi 30 mpaka 80 tundu linaongezeka kama mikroni 18, inateleza yenyewe. Na ikikataa usichukue nyundo, rudi hatua ya 3, hiyo ni shafti inakwambia kitu. Ukilazimika kugonga, tumia bomba linalokaa kwenye ringi ya ndani tu. Ukigonga ya nje nguvu inapita kwenye gololi, zinaacha vishimo usivyoviona.

Hatua ya 5: mstari

Puli mbili zinyooke, tumia uzi. 6206 haivumilii kupinda hata robo ya digrii. Upande wa kinu chenyewe, kama fremu inacheza, mimi nafunga 1206, vipimo vyake ni vile vile 30, 62, 16 ila ina safu mbili za gololi na inajipinda yenyewe. Ubunifu huo ni wa Sven Wingquist, mwaka 1907, alikuwa injinia wa kiwanda cha nguo Göteborg, Sweden, jengo liko juu ya udongo wa mfinyanzi, likihama kidogo mashafti yanapinda.

Hatua ya 6: sikiliza

Iwashe bila mkanda dakika 20. Ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko, mpini sikioni. Unataka mvumo mmoja uliotulia. Ukisikia tik tik yenye mpigo, kuna kishimo. Mluzi mwembamba, imebanwa. Kisha funga mkanda, saga debe moja, weka kiganja, ukiweza kuhesabu mpaka kumi bila kutoa mkono endelea na kazi.

Jana usiku dogo kanitumia voisi noti, hajasema neno, kaiweka simu juu ya mota tu. Nimeirudia mara tatu. Inavuma sawa sawa, na nyuma yake kuna mama anauliza zamu yake ya kusaga imefika au bado.